Beringi ya Kushoto

Fundi Sikio hakuwa na masikio makubwa. Yalikuwa ya kawaida tu, moja likishika penseli, jingine likishika vumbi. Jina alilipata kwa kazi yake. Ulikuwa ukimpelekea gari linalolia, hafungui boneti wala haingii uvunguni. Anakaa kwenye usukani, anafunga mlango, anakwambia, "Twende mpaka kwenye kona ya shule, turudi." Mkirudi ameshajua. Ni beringi ya nyuma, upande wa kulia. Au ni mkanda wa feni. Au ni ufunguo umeangukia ndani ya mlango, na tafadhali usimpotezee muda.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi hivyo na hakukosea. Au kama alikosea, waliokosewa hawakujua, na kwa fundi mambo hayo mawili hayapishani sana.

Mafundi wengine wana njia zao za kuitafuta beringi iliyochoka. Wapo wanaoyumbisha gari barabarani, kulia na kushoto, wasikie mlio unazidi wapi. Wapo wanaoliinua kwa jeki, wakashika tairi juu na chini na kulitikisa, waone kama linacheza. Wapo wanaoweka kiganja juu ya springi huku tairi linazungushwa, mkono upokee mtetemo. Sikio alizijua njia zote hizo, na alizifundishwa na mtu mkali aliyekuwa akipiga watu kwa kipande cha mpira. Ila siku hizi alizihesabu kuwa ni fimbo za vipofu. "Jeki ni ya kufungulia tairi," alikuwa akisema. "Ya kujulia ni hili," na hapo anajigusa sikio la kulia kwa kidole chenye grisi.

Kulikuwa na jambo jingine lililompa heshima, na hili hakulipata kwa mwalimu yeyote. Kifaa chochote alichokitoa kwenye gari lako alikirudisha mkononi mwako. Alikiosha kwa mafuta ya taa, akakifuta, akakitia kwenye boksi la kile kipya, akakukabidhi. Kama ni beringi, alikwambia uizungushe mwenyewe. "Usiniamini mimi," alisema. "Amini kidole chako." Watu walizungusha, wakasikia inavyokwaruza, wakaondoka wameridhika. Nusu ya nyumba za mtaa ule zilikuwa na beringi mbovu juu ya kabati, zimekaa kwenye boksi safi.

Gereji yake ilikuwa ni banda la bati nyuma ya duka la vifaa, lenye benchi moja, jiliwa moja la kubania vyuma, na ukuta uliopakwa rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno na kuanzia hapo ukaachwa, maana rangi iliisha. Upande wa kushoto wa benchi, ng'ambo ya uzio wa mabati, alikaa jirani yake mnyoosha bodi. Mwanaume yule aligonga chuma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapozama, siku sita za wiki, kwa miaka ishirini. Sikio alikuwa amemzoea. Miaka ya karibuni alifika hadi kumsifu kwamba amejifunza kugonga taratibu.

Nyumbani napo watu walikuwa wamejifunza kuongea taratibu. Hayo yalikuwa malalamiko yake makubwa.

"Unaongea ndani kwa ndani, mama watoto," alimwambia mkewe. "Fungua mdomo."

"Mdomo nimeufungua, baba watoto. Sikio la kufa ndilo halisikii dawa."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia kwenye chumba hicho hicho walichokula. Kwa miaka mingi cherehani ilikaa chini ya dirisha. Halafu, kama miaka miwili iliyopita, akaihamisha mwenyewe bila kumwambia mtu, akaisukuma mpaka upande wa pili wa chumba, kando ya kabati. Alisema mwanga wa dirishani unamuumiza macho. Kwa wiki nzima Sikio alijigonga goti kwenye cherehani ile kila alipoamka kutoka mezani, na kwa wiki nzima alinung'unika. Kisha akazoea, kama mume anavyozoea.

Jumanne moja asubuhi, mkunga alileta gari lake. Huyu mkunga alikuwa amestaafu hospitali kubwa, lakini kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa karatasi tu. Kila Alhamisi alishuka bondeni kwenye zahanati tatu, akiwa na masanduku ya chanjo nyuma na wauguzi wawili wasichana. Barabara ya kushuka huko ina kona kumi na saba, na upande mmoja hakuna kitu isipokuwa hewa. Watoto wawili kati ya watatu wa Sikio walizaliwa mikononi mwake, na hakuacha kumkumbusha.

"Gari linavuma, fundi," alisema. "Linavuma kama nyuki ndani ya debe. Na keshokutwa nashuka."

"Ingia, dada. Twende mpaka kona ya shule."

Sikio akashika usukani, mkunga akakaa kiti cha kushoto. Walipofika kwenye lami iliyonyooka mlio ukaja, mnene, wenye kupanda na kushuka. Sikio akainamisha kichwa kidogo na kufumba jicho moja, kama alivyozoea. Mkunga alikuwa akisema jambo. Alikuwa pia akionyesha kidole, lakini Sikio alikuwa na macho barabarani. Akajibu, "Naam, naam, dada," kama unavyomjibu mtu anayezungumzia bei ya sukari. Waliporudi akashuka na kupiga teke la upole tairi la nyuma.

"Beringi. Hili hapa, kulia."

Mkunga akalitazama tairi, akamtazama fundi, akafungua mdomo, akaufunga. "Wewe ndiye fundi," alisema. "Nitarudi saa kumi."

Kazi yenyewe angeweza kuifanya usingizini. Alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua nyuma, akatoa tairi. Akabandua kofia ya grisi, akanyoosha pini na kuichomoa, akafungua nati, akavuta dramu ya breki. Kwenye gari lile kila gurudumu la nyuma hukaa juu ya beringi mbili, kubwa ndani na ndogo nje. Alizitoa zote, akatia tindo na nyundo, akagonga vikombe vyake, vile vya chuma zinamokaa, mpaka vikatoka. Akaziosha ndani ya kopo la mafuta ya taa, akazipangusa kwa kitambaa. Hapo akaitia kubwa kwenye kidole gumba na kuizungusha, kwa mazoea tu, kama mtu anavyoonja mchuzi alioupika mara elfu.

Beringi ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Haikukwaruza, haikusita. Akaileta karibu na macho: kila roli, vile vyuma vidogo vinavyozunguka ndani, iling'aa, haina kovu wala doa. Akazungusha ile ndogo. Nayo hivyo hivyo. Zilikuwa nzima kama siku zilipotoka kiwandani, na zingeweza kuishi kuliko yeye.

Akasimama pale na zile beringi kiganjani. Jirani aligonga bodi upande wa pili wa mabati, taratibu, kwa mbali.

Mtu mwenye akili angeinua upande wa kushoto dakika ile ile. Sikio alikuwa na akili, ila alikuwa pia na jina, na jina lilitangulia. Alijiambia huenda kasoro iko kwenye vikombe. Huenda dramu imeliwa. Akatia beringi mpya upande wa kulia, akazishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikachuruzika pembeni, akakaza nati huku akizungusha dramu, akailegeza kidogo, akatia pini. Ilikuwa kazi safi kabisa, iliyofanywa mahali pasipohitaji kazi. Akaingia garini peke yake na kuelekea shule.

Mlio ukaja, ule ule. Na ulitoka kulia.

Ndipo hofu ya kweli ikamwingia. Beringi mpya haziwezi kuvuma hivyo. Akapunguza mwendo, akanyanyua mkono wa kushoto, akatia kidole kwenye sikio la kushoto. Hakuna kilichobadilika, si mlio, si upepo, si honi ya baiskeli iliyompita. Akabadilisha mkono. Akatia kidole sikio la kulia.

Dunia ikazimika. Injini ilizimika, upepo ulizimika, watoto wa shule waliokuwa wakipiga kelele uani wakawa midomo inayofunguka na kufungika. Alibaki na mtetemo tu kwenye kiti. Akatoa kidole, dunia ikarudi. Akakitia tena, kwa sababu mtu haamini jambo kama hilo kwa mara moja, na dunia ikaondoka tena.

Akasimamisha gari kando ya ukuta wa shule. Aliwaza beringi zote za nyuma alizobadilisha mwaka ule. Magari yalikuwa sita, na yote sita alianzia kulia. Watu wawili walirudi wakisema mlio bado upo, akawabadilishia na za kushoto, akawaambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba vitu hivi huchoka pamoja. Walimshukuru. Kila sauti ilikuwa ikimjia kutoka kulia kwa sababu kulia ndiko kulikobaki mlango, na yeye alikuwa akiandika anwani ya mlango akidhani ni anwani ya mgeni.

Aliporudi banda lilikuwa na joto, na saa ilikuwa tisa na nusu. Dukani mbele aliulizia seti nyingine ya beringi. Ile aliyochukua asubuhi ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hapo palikuwa na njia ya mtu mzima, nayo ilikuwa fupi: kumngoja mkunga, kumwambia nimekosea, liache gari mpaka kesho. Sikio aliitazama njia ile. Aliona mkunga, ambaye ulimi wake ulijulikana wilaya nzima, akitoka na habari hiyo mpaka barabarani. Aliona jirani yake akiweka nyundo chini ili asikie vizuri. Fundi Sikio asiyesikia. Hata mbuzi wangecheka.

Chini ya benchi kulikuwa na kopo la vyuma chakavu. Akapekua, akatoa beringi kubwa ya gari jingine, iliyoliwa mpaka ina vidoadoa kama ngozi ya mtu aliyeugua tetekuwanga. Akaiosha vizuri. Akaitia kwenye boksi jipya. Zile nzima akazifunga kwenye kitambaa na kuzitia mfukoni. Mikono yake ilijua inafanya nini, na yeye pia alijua, tusimsingizie usahaulifu.

Mkunga alifika saa kumi kamili. Akafungua boksi, akatia kidole, akazungusha. "Lo! Hii ilikuwa inasaga mahindi," alisema. "Ahsante, fundi. Wewe ni mtu wa kweli."

"Utausikia mlio kidogo bado," Sikio alisema, akiutazama ukuta. "Beringi mpya hulia kidogo mpaka zikae."

"Zitakaa kabla ya Alhamisi?"

"Zitakaa."

Gari likaondoka likivuma. Sikio alilisikia likienda kulia, ingawa kwa macho yake aliliona likikata kushoto.

Usiku haukuwa mzuri, na tuuache ulivyo. Jumatano mchana alikwenda nyumbani kula. Alikaa mezani mahali pake pa siku zote, dirisha kushoto kwake, mkewe na cherehani kulia. Chakula kilipoa mbele yake. Alikuwa ametoa ile beringi kubwa mfukoni, akiizungusha kwenye kidole gumba bila kuitazama. Haikutoa sauti yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza.

Mkewe alikuwa akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Alikosa mara tatu, akailamba ncha ya uzi, akasogeza sindano karibu na pua, akapata mara ya nne.

"Hicho ni nini?" aliuliza.

"Beringi. Ya gari la mkunga."

"Mbovu?"

"Nzima."

"Sasa kama ni nzima, mbona umeitoa?"

Hakukuwa na ubaya wowote kwenye swali lile. Aliuliza kama angeuliza mbona umenunua chumvi na chumvi ipo. Sikio akaacha kuizungusha ile beringi. Akaona kona kumi na saba. Akaona yale masanduku ya chanjo na wasichana wawili wanaochekeana kiti cha nyuma. Beringi inayovuma inaweza kuvuma miezi mitatu kabla haijafa, hilo ni kweli na alilijua. Lakini inaweza pia kuvuma siku mbili, na yeye hakuwa ameigusa ajue ni ipi.

"Mama watoto," alisema, "nimefanya jambo la kijinga."

"Basi nenda kalifanyue," mkewe alisema, akarudi kwenye pindo lake. "Chakula nitakufunikia."

Alipitia duka la vifaa la upande wa pili wa mji, akapata seti ya beringi. Akaweka jeki begani, mkoba wa spana mkononi, akatembea dakika ishirini kwenye jua mpaka kwa mkunga. Njiani alitunga maneno mazuri sana, yenye vikombe na grisi na viwanda vya siku hizi. Alimkuta barazani akipanga chupa za barafu kwenye sanduku la chanjo, na yale maneno mazuri yakakimbia yote.

"Dada, nimekudanganya."

Mkunga akainua macho. Aliiona jeki kwanza, halafu uso.

"Umenidanganya nini?"

"Ile beringi niliyokupa siyo ya gari lako. Ya gari lako ni hii."

Mkunga akaipokea, akafuta mikono kwenye aproni, akatia kidole. Beringi ikazunguka, ikazunguka.

"Hii ni nzima."

"Ndiyo."

"Mbovu iko wapi?"

"Nafikiri kushoto. Sijaitazama."

"Kushoto!" Mkunga akasimama. "Si nilikwambia? Tulipofika kwenye lami nilikwambia, fundi, mlio uko huku kwangu, nikakunyooshea na kidole. Ukanijibu naam, naam!"

"Sikukusikia."

"Hukunisikia vipi, na tulikuwa tumekaa kama mtu na begi lake?"

"Sikio la kushoto limekufa, dada. Nimejua jana. Yaani..." Akasita. "Nimekubali jana."

Mkunga hakumhurumia mara moja, na hakustahili kuhurumiwa mara moja. Alimwambia yote aliyopaswa kuambiwa. Alimwambia kuhusu wale wasichana, kwamba ni watoto wa watu. Alimwambia kuhusu kona ya kumi na mbili, ile kali kuliko zote. Alimwuliza kama angeweza kusimama msibani na kula wali akijua kilichomo mfukoni mwake. Sikio alisimama wima na jeki begani, hakujitetea, na machozi yakamlenga, mwanaume wa miaka hamsini na nane. Alipomaliza, mkunga akavuta pumzi.

"Jeki yenyewe haikuchoshi? Iweke chini. Tuone hilo gurudumu."

Sikio akaweka mawe mbele, akaachia breki ya mkono, akainua upande wa kushoto. Akapiga goti. Kwa muda akabaki tu hapo, mikono magotini, na mkunga akaona kwamba anasubiri kitu. Alikuwa akisubiri kusikia. Miaka thelathini na moja si mchezo.

"Ngoja nikwambie," mkunga alisema, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. Alikuja akachuchumaa upande wake wa kulia. "Kile kipembe changu cha kusikilizia mtoto tumboni ninacho mpaka leo. Unajua huwa nakiweka lini? Mwisho. Kwanza mikono. Mikono ndiyo inakwambia mgongo wa mtoto umelala upande gani, ndipo unajua uweke sikio wapi. Nilipokuwa mwanafunzi nilijiona na sikio kali. Nikaweka kipembe bila kupapasa, nikasikia moyo, nikaandika mtoto mzima. Ulikuwa moyo wa mama yake. Mtoto alikuwa amekaa upande wa pili, amechoka. Mwalimu wangu aliniita mbele ya wodi nzima."

"Na mtoto?"

"Mungu alinistiri. Ni mwanaume mkubwa sasa, mlevi kidogo. Shika tairi, fundi."

Akashika, mkono mmoja juu, mmoja chini. Akasukuma juu, akavuta chini. Tairi likacheza. Halikucheza kidogo, lilikuwa na mchezo wa kuonekana kwa macho, na kila alipolisukuma kitu kiligonga ndani, akakipokea kwenye vifundo vya mikono mpaka kwenye viwiko.

"Kaa kwenye usukani, dada, ukanyage breki."

Mkunga akakanyaga. Sikio akatikisa, tairi likakaa kimya kama limepigiliwa misumari. "Achia." Likacheza tena. Mchezo unaokufa ukikanyaga breki ni wa beringi. Kama ungekuwa wa vyuma vya chini, usingejali breki. Hili alifundishwa na yule mtu wa kipande cha mpira, na halikuwa limemtoka.

Halafu akafanya lile alilokuwa akilicheka. Alipeleka mkono wa kushoto ndani, juu ya springi, akafunga vidole kuizunguka. Kwa mkono wa kulia akalizungusha tairi. Mtetemo ukaja. Ulipanda kupitia chuma mpaka kwenye kiganja, chembe kwa chembe, mchanga ndani ya kinu. Akalizungusha tena taratibu zaidi, akafumba macho yote mawili safari hii. Aliweza kuhesabu. Kila mzunguko palikuwa na mahali pamoja ambapo mchanga uligeuka kokoto.

"Njoo uweke mkono, dada. Usiniamini mimi."

Mkunga akaweka mkono wake juu ya springi, kando ya wake. Tairi likazunguka. Alikunja uso kama mtu aliyegusa mgongo wa mtoto mahali asipoutegemea.

Alipoivua dramu, grisi ilikuwa nyeusi, imeungua. Kizimba kinachoshika roli za beringi kubwa kilikuwa kimepasuka, na roli moja ilikuwa vipande viwili. Sikio akavipanga juu ya kitambaa, pale barazani, karibu na chupa za barafu.

"Ingefika bondeni?" mkunga aliuliza.

"Kushuka ingeshuka, labda. Kupanda, sijui. Sidhani."

Wakavitazama vile vipande viwili. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Akafunga mpya bila haraka, akakaza, akalegeza kidogo, akatikisa, akatia pini. Mkunga akalichukua gari mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akazima injini, akabaki amekaa na mlango wazi.

"Kimya," alisema.

Sikio aliitikia kwa kichwa. Akaanza kukusanya spana, na alipozimaliza akauliza akiwa ameinama, "Utawaambia watu?"

"Nitawaambia. Uongo mmoja kwenye gari langu unatosha. Nitawaambia Sikio hasikii kushoto, na nitawaambia alinifuata mpaka kwangu na jeki begani kabla sijaondoka. Wachague wenyewe." Akashuka. "Mficha uchi hazai, fundi. Nimewaambia wanawake hivyo miaka arobaini, sikujua nitakuja kumwambia mwanaume. Jumatatu uende hospitali upimwe. Ikiwa ni nta tu sikioni, utacheka. Ikiwa siyo, basi una jingine, na una mikono."

Mkunga akakataa kukirudisha kile kizimba kilichopasuka. Alisema huo ni mzigo wake sasa, utakaa juu ya kabati.

Sikio alifika nyumbani jua likiwa bado lina saa moja ya kuishi. Chakula kilikuwa kimefunikwa. Mkewe alikuwa kwenye cherehani kando ya kabati, anatunga uzi tena, sindano karibu na pua, uso umekunjamana.

"Umelifanyua?" aliuliza.

"Nimelifanyua."

Akakaa mahali pake. Mwanga wa dirishani ulimwagika kushoto kwake, mweupe, mwingi, ukaangukia sakafu tupu ambapo palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani. Kwenye kona ya kabati palikuwa na kiza. Fundi yeyote angeona hilo akiingia mlangoni. Hakuna mshonaji duniani anayeacha dirisha akaenda kushonea kando ya kabati kwa ajili ya macho yake.

Akaitazama sakafu ile. Akakumbuka kwamba njiani siku hizi mkewe hutembea kulia kwake, na akivuka barabara huzunguka nyuma kwanza ili abaki upande huo. Alidhani ni mazoea.

"Mama watoto," alisema. "Ulijua tangu lini?"

Mkewe hakuuliza anajua nini. Alichoma sindano kwenye kitambaa. "Tangu harusi ya mwanao wa pili. Nilikuita mara tatu kutoka kushoto, ukacheka na mtu mwingine."

"Na hukuniambia."

"Ungekubali?"

Jibu walilijua wote wawili. Akainuka. Akainama juu ya cherehani, mikono yake yenye grisi ikaishika chini ya meza yake, mmoja huku, mmoja kule, akaiinua yote na uzi wake na nguo iliyokuwa ikining'inia, mkewe akipiga kelele kwamba anamchafulia kitambaa cha watu. Akaivusha chumba kizima mpaka chini ya dirisha, akaitua juu ya zile alama nne. Kisha akachukua kiti chake, akakizungusha upande wa pili wa meza, mgongo mlangoni, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu waoane, ili dirisha liwe kulia kwake. Akakaa. Akafunua chakula.

"Haya," alimwambia. "Sema sasa. Sema yote."